Dodoso, mahojiano, kikundi au kijiweni: njia ipi ya utafiti wa jamii inakufaa Dar es Salaam?

Sura za tatu za tasnifu nyingi za sosholojia, zile za njia za utafiti, zinafanana kama sare za shule. Dodoso kwa watu mia moja, mahojiano na watoa taarifa kumi, vikundi viwili vya majadiliano, kisha aya moja inayosema njia hizo zimechanganywa ili kila moja izibe pengo la mwenzake. Muulize mwenye kazi kwa nini mia moja na si arobaini, au vikundi viwili vitamwambia nini ambacho mahojiano hayakumwambia, uone anavyotazama dari.

Mimi napendekeza tuzilinganishe kwa namna nyingine. Kila njia ina mahali pake inapokudanganya, na hufanya hivyo kwa macho makavu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi ni bora, jiulize: nikidanganywa wapi, kazi yangu yote imekufa? Njia inayodanganya hapo iache, hata kama ndiyo rahisi, hata kama ndiyo msimamizi wako anayoipenda.

Tusiongee hewani. Tuchukue swali moja tulipitishe kwenye njia zote: kijana anayeendesha bodaboda ya mtu anaishije na deni la kila siku? Mpangilio wa kazi yenyewe unajulikana. Pikipiki ni ya tajiri. Kijana anapeleka hesabu kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chake. Au wameandikiana mkataba: analipa kwa siku au kwa wiki mpaka kiasi walichokubaliana kitimie, pikipiki iwe yake. Humo ndani kuna pesa, kuna aibu ya kudaiwa, kuna trafiki, kuna mke anayeambiwa nusu ya mapato. Ni swali zuri la kujaribia njia, kwa sababu karibu kila anayehusika ana kitu cha kukuficha.

Dodoso

Dodoso lina uwezo ambao njia nyingine hazina: linakupa haki ya kusema juu ya watu ambao hukuwahi kuwaona. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu 5,383,728. Huwezi kukaa nao wote. Lakini ukichagua mia nne kwa bahati nasibu ya kweli, unaweza kusema jambo kuhusu wote na ukataja na ukubwa wa kosa lako. Mahojiano hata yawe marefu namna gani hayakupi haki hiyo.

Hiyo mia nne wanafunzi huipata kwenye fomula ya Taro Yamane. Kwa kosa la asilimia 5, kundi la watu 1,000 linakupa sampuli ya 286, kundi la 10,000 linakupa 385, na Dar es Salaam nzima inakupa 400. Angalia namba inavyokaribia kusimama: ukubwa wa mji hautakusumbua sana. Kitakachokusumbua ni sharti ambalo fomula inadhani umeshalitimiza, yaani kila mtu katika kundi lako awe na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Nafasi hiyo hutoka kwenye orodha. Sasa orodha ya madereva wote wa bodaboda, walioandikwa kwenye daftari la kijiwe, wanaotumia programu za simu bila kijiwe chochote, na deiwaka wanaoshika pikipiki ya mwenzao siku mbili kwa wiki, utaipata kwa nani?

Kinachofanyika mara nyingi ni kwenda Mwenge saa nne asubuhi na kuwauliza waliopo. Waliopo kijiweni saa nne ni wale ambao muda huo hawana abiria. Mwenye wateja wake wa kudumu yuko barabarani. Rudia hivyo kutwa, wiki nzima, na utakuwa umekusanya kwa uangalifu mkubwa mapato ya wenye siku mbaya, kisha ukayaita wastani wa Dar es Salaam. Kuongeza idadi hakutibu ugonjwa huu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi zipatazo milioni 10 kuwauliza watu watampigia nani kura ya urais, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo yote isipokuwa mawili. Majina mengi yalikuwa yametoka kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, tena miaka ya dhiki ya uchumi, na waliojisumbua kurudisha kadi hawakufanana na waliozitupa. George Gallup, mpima maoni ya watu, kwa sampuli ndogo kuliko hiyo mara nyingi sana, alimtaja mshindi.

Ukitafiti kaya badala ya watu wa kazi fulani, unapata nafuu, kwa kuwa kaya zina mitaa na mitaa ina mipaka. Nafuu hiyo nayo ina mitego. Nyumba moja ya Manzese yenye vyumba vinane inaweza kuwa na kaya sita, kwa kuwa wanaoishi na kula pamoja ndio kaya, na ndugu wawili wa chumba kimoja wanaweza kuwa kila mtu na sufuria lake. Msaidizi uliyemwambia aende kila nyumba ya tano atagonga na kumhoji aliyefungua, na mchana aliyefungua mara nyingi ni mama mwenye nyumba, ambaye kipato chake hakifanani kabisa na cha wapangaji wake. Masaki tatizo ni geti. Mlinzi anapokea karatasi, anasema bosi hayupo, na sampuli yako inazidi kuwa ya watu wa kipato cha chini bila wewe kuamua hivyo.

Halafu kuna swali lenyewe lilivyoandikwa. Mtafiti Matteo Rizzo alianza kuchunguza kazi ya daladala za Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2015 yeye na wenzake Blandina Kilama na Marc Wuyts walichapisha uchambuzi unaopaswa kusomwa na kila anayetunga dodoso nchini. Ukikaa na makonda na madereva, unaona wazi kwamba wengi wao wanamfanyia kazi mwenye gari. Ukitazama takwimu za utafiti wa nguvu kazi wa 2006, watu wa namna hiyo wameingia kapu la waliojiajiri. Sababu mojawapo ni kwamba mtu akiulizwa kama ameajiriwa, anafikiria barua, mshahara wa mwezi na mifuko ya jamii. Yeye hana hata kimoja. Anajibu hapana, na anajibu kwa dhati kabisa. Hakuna aliyesema uongo hapo. Dodoso ndilo lililodanganya, tena kwa maelfu ya watu kwa mpigo. Sera ikija kuandikwa juu ya takwimu hizo, konda anaonekana ni mjasiriamali anayehitaji mkopo, na tajiri wake haonekani popote.

Bodaboda ana mkanganyiko huohuo, pengine mkubwa zaidi, maana wa mkataba anajiona nusu mmiliki. Kwa hiyo usimuulize ni nani. Muulize pikipiki iliandikishwa kwa jina la nani, jana alipeleka hesabu kwa nani, akiugua siku tatu kinatokea nini.

Neno moja kuhusu yale maswali ya "nakubali sana" mpaka "sikubali kabisa", ambayo Rensis Likert aliyaanzisha mwaka 1932. Ukimsomea mzee wa Mbagala sentensi kumi mfululizo, atakubali zote kwa adabu, kwa sababu wewe ni mgeni na amekukaribisha kiti. Geuza nusu ya sentensi ziseme kinyume. Akikubali zote tena, umejua unapima heshima.

Mahojiano ya kina

Kwenye dodoso swali la pato huwa hivi:

"Kwa siku unaingiza kiasi gani?"

"Inategemea."

Msaidizi anasisitiza, kijana anataja namba ili aachwe, namba inaandikwa. Kwenye mahojiano una nafasi ya kuiacha hiyo "inategemea" ifunguke. Jana ulitoka saa ngapi? Abiria wa kwanza ulimpeleka wapi? Mafuta uliweka ya kiasi gani, mara ngapi? Kuna mtu ulimbeba kwa mkopo? Hesabu uliifikisha yote au ulibakiza? Kufikia swali la nne mtu anaanza kujipigia hesabu mwenyewe kwa sauti, na wewe unaona kitu ambacho namba moja isingekuonyesha: kwamba siku yake imegawanyika sehemu mbili, kabla hesabu haijatimia na baada ya kutimia, na anavyoendesha katika sehemu hizo mbili ni tofauti.

Hapa ndipo mahojiano yanapozishinda njia nyingine: jinsi jambo linavyofanya kazi, historia yake, na maana yake kwa anayelifanya. Max Weber, mwanasosholojia wa Kijerumani, alisisitiza kwamba kitendo cha mtu hujakielewa mpaka umeelewa yeye mwenyewe anakiona kina maana gani, na mahojiano ndiyo njia fupi ya kufika hapo.

Yanakudanganya wapi? Kwenye utamu wa simulizi. Mtu akikaa saa nzima akieleza maisha yake, anayapanga. Ajali inakuwa funzo, tajiri anakuwa mkatili au baba, makosa yanakuwa ya trafiki. Pia wanaokubali kukaa saa nzima ni watu wa aina fulani: waongeaji, wenye kinyongo, au wenye muda. Mwenye wateja hana saa nzima ya kukupa.

Mahali nako kunaamua mengi. Usimhoji kijana kijiweni huku wenzake wanasikia. Atajibu kwa ajili yao. Meza ya mama lishe baada ya saa nane, wali ukiwa umeisha na watu wamepungua, inafaa kuliko ofisi ya serikali ya mtaa, ambako kila anayeingia hudhani ameitwa kwa kosa. Kwa upande wa tajiri mambo yanageuka. Ukimwamkia shikamoo ukakaa, wewe ni mwanawe, na mtoto haulizwi pesa za mzazi wala haulizi. Usipambane na hilo. Mwambie unataka kujifunza biashara hii inaendeshwaje, akufundishe, na atakufundisha mpaka utachoka, pamoja na jinsi anavyomchagua kijana wa kumkabidhi chombo na jinsi anavyomnyang'anya.

Wangapi wanatosha? Greg Guest na wenzake walichambua mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria na kuchapisha mwaka 2006 kwamba karibu mada zote kuu zilikuwa zimeshajitokeza ndani ya 12 ya kwanza. Tangu hapo namba hiyo imekuwa kinga ya kila mwanafunzi. Itumie kwa masharti: wale walikuwa wanawake wa hali inayofanana, wakiulizwa mambo yaleyale. Ukiwa na madereva wa hesabu, wa mkataba, wenye pikipiki zao na matajiri, hayo ni makundi manne, na ukiigawa 12 humo kila kundi linabaki na watu watatu tu.

Na gharama ambayo haimo kwenye bajeti ni kunukuu. Saa moja ya sauti hula saa nne mpaka sita za kuandika, zaidi kama nyuma kuna honi za Kariakoo.

Kikundi cha majadiliano

Nitasema ninavyoona: hii ndiyo njia inayotumiwa vibaya kuliko zote mjini hapa. Ilianza miaka ya 1940, Robert Merton na Paul Lazarsfeld wakiwa Columbia wakitafuta kujua wasikilizaji wanapokeaje vipindi vya redio, na ilikuwa msaidizi wa njia nyingine. Siku hizi inafanywa kwa sababu watu wanane kwa mpigo ni rahisi kuliko wanane mmojammoja.

Kikundi hakikupi maoni ya watu wanane. Kinakupa kile ambacho watu wanane wanaweza kukisema wakiwa wanatazamana. Kwa pato na deni ni sumu, maana hakuna atakayekiri mbele ya wenzake kwamba hesabu ya jana ameikopa. Na akiwemo mwenyekiti wa kijiwe, una mahojiano ya mtu mmoja yenye mashahidi saba.

Ukimwachia mjumbe au mwenyekiti wa mtaa akukusanyie watu, utaletewa walewale wanaoletwa kila shirika likija. Wanajua nauli hutolewa mwisho, wanajua neno "changamoto" linapaswa kusemwa mara ngapi.

Kinapofaa ni hapa: unapotaka kanuni za kundi, yaani nini ni haki na nini ni uhuni. Je, abiria wa foleni ya mwenzako ukimchukua, unafanywa nini? Waulize wanane kwa pamoja na ugomvi wenyewe utakuwa data. Kinafaa pia kabla ya dodoso, ili usikie watu wanavyoita vitu vyao. Basi.

Kukaa kijiweni

Wataalamu wanaiita ushuhudiaji shirikishi. Unakaa, unarudi kesho, unarudi tena, mpaka unaacha kuwa tukio.

Inashika kile ambacho njia tatu za kwanza zinakiachia upenyo, yaani tofauti ya mtu anachosema na anachofanya. Richard LaPiere, mwanzoni mwa miaka ya 1930, alizunguka Marekani na wanandoa wa Kichina wakati chuki dhidi ya Wachina ilikuwa wazi kabisa. Katika sehemu 251 za kulala na kula walizoingia walikataliwa mara moja tu. Baadaye aliwaandikia wenye sehemu hizo kuwauliza kama wangempokea mgeni wa Kichina, na zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Matokeo aliyachapisha mwaka 1934. Angetuma barua peke yake, angeandika kitabu kizima kuhusu milango iliyofungwa. Angesafiri tu bila barua, asingejua chuki ilikuwepo. (Ndiyo maana simuungi mkono anayesema kijiwe ndicho ukweli na dodoso ni porojo. Vyote viwili vilikuwa kweli.)

William Foote Whyte alihamia mtaa wa Waitaliano wa Boston mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1930, na kijana aliyempokea alimshauri apunguze maswali: akikubalika tu, majibu yatamjia bila kuuliza. Huku kwetu njia hii ilichukua sura yake yenyewe. Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitafiti akiishi na Wazaramo wa pwani miaka ya 1960, na miaka ya 1970 mradi wa Jipemoyo, wilayani Bagamoyo, ukasogea hatua nyingine kwa kuwafanya wanavijiji wenyewe kuwa washiriki wa utafiti. Wakati huo swali la nani anamtafiti nani lilikuwa moto Mlimani, yaani chuoni hapo, na halijapoa.

Kijiweni, suala la hesabu ambalo kwenye dodoso ni namba moja linageuka kuwa mazungumzo yasiyoisha. Unasikia simu ya saa mbili usiku: "Tajiri, leo nimebakiza, kesho nitakutimizia." Unaona anayekopeshwa na mwenzake ili asionekane mbovu, na anayezima simu. Unagundua kwamba hesabu iliyotajwa kwenye makubaliano na hesabu inayolipwa kwa wiki si kitu kimoja, na kwamba uhusiano mzima kati ya kijana na tajiri unaishi kwenye hiyo tofauti. Hakuna swali la dodoso ungelitunga kulifikia hilo kabla ya kuliona.

Nayo inadanganya. Kwanza ni kijiwe kimoja. Cha Sinza hakikupi cha Kigamboni, na ukiandika "bodaboda wa Dar es Salaam" kwenye jalada ukiwa umekaa Sinza peke yake, umeongopa jaladani. Pili, unaanza kuwapenda. Ukishakula nao na kuchangia msiba, tajiri anaanza kuonekana mbaya kabla hujamsikiliza. Tatu, watu hubadilika wakitazamwa, ingawa kwa uzoefu wa wengi hilo hupungua, kwani kuigiza kila siku kunachosha. Na utaona mambo ambayo hukuomba kuyaona, ya noti iliyokunjwa ndani ya leseni kwa mfano. Amua kabla hujaanza utayaandikaje bila kumtia mtu matatani.

Inakula muda, na daftari lazima liandikwe usiku uleule. Ukilala, umepoteza.

Kabla hujakusanya chochote

Pengine swali lako limeshajibiwa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu huweka data ghafi za tafiti zake kadhaa zikiwa zimeondolewa majina. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 upo, na kuna utafiti unaozifuatilia kaya zilezile tangu 2008/09. Kwa mwanafunzi asiye na hela, kuchambua data hizo ni kazi halali kabisa, bora kuliko dodoso lake la watu mia moja wa Mwenge. Udhaifu wake umeshausoma kwa Rizzo: umerithi maswali ya mtu mwingine.

Nadharia inaingia wapi?

Kwenye tasnifu nyingi imekaa sura ya pili kama pambo na haionekani tena. Ni hasara, kwa sababu nadharia ndiyo inayokuchagulia watu wa kuwafuata.

Ukimfuata Karl Marx, unaamini jambo kuu ni uhusiano wa mwenye chombo na mwenye nguvu zake. Basi utafiti usio na matajiri ndani yake haujakamilika, hata ukiwa na madereva 400. Ukimfuata Émile Durkheim, mwanasosholojia wa Kifaransa, unatafuta kilicho nje ya mtu mmoja na kinachombana, kwa hiyo unalinganisha makundi: vijiwe vyenye viongozi na mfuko wa kusaidiana dhidi ya visivyo navyo, uone wapi watu wanaacha kazi haraka. Hapo namba hazikwepeki, na ndivyo yeye mwenyewe alivyofanya mwaka 1897 alipolinganisha viwango vya watu kujiua kati ya Wakatoliki na Waprotestanti. Miaka sabini baadaye, mwaka 1967, Jack Douglas akamrudi: takwimu zile zilitegemea maofisa walioamua kifo kipi kiitwe nini, na familia na jamii zina sababu za kukiita vingine. Unaona hilo ni lilelile la konda na ajira. Ukimfuata Weber, humwachi mtu mpaka akueleze.

Mwaka huohuo wa 1967 Barney Glaser na Anselm Strauss walitoa kitabu cha kutetea nadharia inayochipuka kutoka kwenye data zenyewe. Ni njia nzuri na ngumu, inadai urudi uwandani kila uchambuzi unapokuonyesha pengo. Kwetu imekuwa kichaka cha wasiosoma sura ya pili.

Vibali na sauti za watu

Mwanafunzi wa Mlimani anapata kibali cha utafiti kupitia chuo chenyewe; mtafiti wa kigeni anaanzia COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Kisha barua inashuka: mkoa, halmashauri, kata, mtaa. Kwa dodoso mlolongo huu ni msaada, kwa kuwa mjumbe akikutambulisha milango inafunguka. Kwa kijiwe ni kinyume. Ukifika umeongozana na mtendaji, wewe ni serikali, na itachukua muda mrefu kuondoa picha hiyo. Barua iwe mfukoni, nakala iwe kwa mtendaji, na kijiweni upelekwe na mtu wa kijiwe.

Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika. Sauti uliyorekodi ni taarifa binafsi ya mtu. Isikae kwenye simu unayoazima watu.

Basi uchague nini?

Una miezi mitatu, huna wasaidizi, na swali lako ni "inakuwaje": chukua mahojiano, kumi na mbili mpaka kumi na tano ya kundi moja, si makundi manne. Ongeza jioni chache za kukaa kijiweni ili usikie wanayosema wakiwa hawahojiwi na wewe.

Umeajiriwa na shirika linalotaka kujua ni asilimia ngapi: dodoso, na nusu ya akili yako na sehemu kubwa ya bajeti iende kwenye orodha kabla ya maswali. Chagua kata kadhaa kwa nasibu, tembea uhesabu vijiwe vyote, chukua daftari la kila kijiwe na uulize nani hayumo. Hoji kwa nyakati tofauti, usiku pia. Shirika likikataa kulipia orodha, kataa kutoa asilimia.

Una mwaka, na unaandika shahada ya uzamivu: kaa. Hutapata tena muda huo maishani.

Unataka kuchanganya: fanya, lakini mpangilio ndio wenye thamani. W.E.B. Du Bois alipotafiti Weusi wa Kata ya Saba ya Philadelphia miaka ya 1896 na 1897, alihamia palepale, akapita nyumba kwa nyumba na fomu zake, akaongea na watu, akasoma kumbukumbu za mji. Kazi ikatoka mwaka 1899. Aili Mari Tripp naye, akichunguza watu wa Dar es Salaam walivyomudu maisha mshahara ulipokuwa hautoshi miaka ya 1980, alikwenda na dodoso Manzese na Buguruni na akakaa na watu kwa mazungumzo. Kinachowaunganisha ni kwamba fomu ziliandikwa na mtu aliyekuwa anajua mtaa.

Kwa hiyo kwa swali letu la bodaboda ningefanya hivi. Wiki tatu kijiweni bila fomu yoyote. Mahojiano na madereva wanne na matajiri wawili. Ndipo niandike dodoso, fupi, lisilozidi dakika kumi na tano kwa kuwa abiria akitokea ameondoka, lenye maswali ya jana badala ya maswali ya "kwa kawaida". Hesabu niiulize mara mbili, ile waliyokubaliana na ile iliyolipwa jana, mbali kwa mbali. Swali la leseni nilipeleke ukurasa wa mwisho.